Mgonjwa wa Meno Ukambani Aelezwe kwa Lugha Anayoifahamu

Huduma za meno katika miji yetu hazikomei tena katika kung'oa na kuziba. Mkaazi wa Kitui, Mwingi, Wote au Makindu aliye na pengo kinywani aweza leo kuambiwa kwamba jino jipya litapandikizwa katika mfupa wa taya lake, ama karibu na kwao ama katika kliniki ya Nairobi atakakotumwa. Hii ni habari njema, hasa kwa mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitafuna kwa upande mmoja na kucheka huku akiziba mdomo kwa kiganja. Hata hivyo, ipo haja ya kuuliza: mgonjwa huyo huelezwa nini kabla ya kutia sahihi, na huelezwa kwa lugha gani?

Nauliza swali hili nikiwa mwanaisimu, wala si tabibu. Mambo ya kitabibu nitakayoyataja ni yale yanayojulikana na kila daktari wa meno. Hoja yangu ni kwamba idhini iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mwenye kuitoa si idhini kamwe. Ni sahihi tu juu ya karatasi.

Wakamba si wageni wa ufundi wa meno. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Uswidi aliyekaa Ukambani mnamo 1911 na 1912, aliandika kuhusu desturi ya kuchonga meno ya mbele hadi yakawa na ncha. Desturi hiyo imetoweka, lakini kuna jambo ndani yake linalostahili kuzingatiwa: fundi na aliyechongwa walizungumza lugha moja. Aliyeketi mbele ya patasi alijua kinachofanywa, na alijua kwa nini.

Kwa sadfa, ni Mswidi mwingine aliyetuletea ufundi huu mpya. Mnamo 1952, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura alipogundua kwamba chombo chake cha titani kilikuwa kimeshikamana na mfupa hata hakingetoka. Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, alimpandikizia binadamu kwa mara ya kwanza vijiti vya titani vya kushikilia meno. Mgonjwa huyo alifariki mwaka 2006 huku meno yake yakiwa bado yanatumika. Titani hutokana na madini ya aina ile iliyochimbwa katika mchanga wa Kwale hadi mwishoni mwa mwaka 2024.

Basi tuyatazame maneno tunayoyatumia. Kitenzi 'kupandikiza' ni cha mkulima. Mkulima wa Mbooni huuhamisha mche kutoka kitaluni, akautia shambani, nao ukashika mizizi, ukakua. Aambiwapo kwamba jino litapandikizwa, picha inayomjia ni hiyo ya mche. Lakini jino hili halina uhai wala mizizi. Kinachotiwa ni parafujo ndogo ya titani, au skrubu kama waiitavyo mafundi wetu. Haikui, bali mfupa ndio unaoota ukaikumbatia. Asiyelielewa hili hatafahamu kwa nini anaambiwa asubiri, wala kwa nini mfupa wake una umuhimu kuliko jino lenyewe.

Neno la pili ni 'bandia'. Kiswahili husema 'meno bandia' kwa maana ya yale yanayovuliwa usiku yakawekwa katika bilauri ya maji, na pia kwa yale yasiyotoka. Mgonjwa aliyetarajia haya akapewa yale atadhani amelaghaiwa. Isitoshe, neno lilo hilo ndilo tunalolitumia kwa noti za kughushi.

La tatu, nalo ndilo zito zaidi, ni 'hatari'. Kiingereza kina neno moja la jambo baya lililopo, na jingine la uwezekano wa jambo baya kutokea. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, yote mawili huwa 'hatari'. Daktari akisema 'kuna hatari', mgonjwa mmoja atakimbia na mwingine atamwachia Mungu, ilhali wote wawili hawajaelezwa. Lililo bora ni kutumia hesabu ya vidole: 'Katika watu kumi waliopandikizwa, zaidi ya tisa meno yao hudumu miaka kumi au zaidi, wachache parafujo hulegea ikabidi itolewe.' Sentensi kama hiyo haihitaji shahada kuielewa.

Mgonjwa aelezwe nini hasa? Kwanza, aelezwe kwamba kazi hii haimalizwi kwa siku moja. Hupigwa picha ya eksirei ili mfupa upimwe. Mfupa ambao jino lake liling'olewa zamani hupungua, na ukiwa haba huenda ikabidi uongezwe kwanza. Kisha hutolewa sindano ya ganzi, taya likatobolewa, parafujo ikatiwa. Aghalabu hufuata miezi mitatu hadi sita ya kungoja mfupa ushikamane nayo. Hatimaye huwekwa kiungo, na juu yake kifuniko chenye umbo na rangi ya jino. Kwa mtu wa Mutomo au Mtito Andei anayetibiwa Nairobi, hizo ni safari kadhaa. Nauli na siku za kazi zinazopotea ni sehemu ya gharama, ijapokuwa haziandikwi katika karatasi ya bei. Nayo bei yenyewe, kwa jino moja tu, aghalabu hupita shilingi laki moja. Ni fedha za karo au za ng'ombe kadhaa. Mtu ana haki ya kuifahamu jumla yote kabla ya kuanza, wala si baada ya taya kutobolewa.

Pili, aulizwe juu ya mwili wake, naye ajibu bila kuficha. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona kwa shida. Sigara hupunguza uwezekano wa parafujo kushika. Aliyewahi kutibiwa saratani ya kichwa au shingo kwa miale, au anayetumia dawa fulani za kuimarisha mifupa, ni lazima aseme. Fizi zinazovuja damu hutibiwa kwanza. Kijana ambaye taya lake lingali linakua hushauriwa asubiri.

Tatu, atajiwe madhara yanayoweza kutokea. Katika taya la chini hupita mshipa wa fahamu. Ukiguswa, mdomo au kidevu chaweza kufa ganzi kwa muda, na mara chache daima. Baada ya miaka, uchafu ukiachwa kuzunguka parafujo, ufizi huvimba na mfupa ukaliwa polepole. Jino la titani halitoboki kwa sukari, ni kweli, lakini lisiposafishwa kila siku hung'oka kama lile la kuzaliwa.

Nne, aonyeshwe njia nyingine. Upo msemo kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huu ulikuwa na maana pale ambapo hapakuwa na dawa nyingine. Leo jino bovu mara nyingi laweza kuzibwa, au mzizi wake ukasafishwa na kujazwa, likadumu miaka mingi. Na jino lako mwenyewe, likiwezekana kuokolewa, ni bora kuliko la kununua. Likiwa limekwisha kutoka, yapo meno ya kuvaa na kuvua, na yapo yanayoegemezwa juu ya meno jirani kama daraja. Hata kuliacha pengo kama lilivyo ni uamuzi halali, madamu mwenye kinywa ameelezwa matokeo yake.

Hapa sina budi kuligusa jambo linalowahusu hasa watu wa Kitui na Makueni. Maji ya baadhi ya visima virefu vya Ukambani yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kiasi hicho wakati meno yake yanaundwa huota meno yenye madoa ya kahawia. Wanafunzi wenye meno hayo hutaniwa shuleni, na wakiisha kupata kazi wengine hutamani kuyaondoa yote. Wajue kwamba jino lenye madoa si lazima liwe bovu. Laweza kung'arishwa au kuvikwa utando wa rangi nyeupe bila kung'olewa. Kung'oa jino zima kwa sababu ya rangi yake ili kutia parafujo ni kubomoa nyumba kwa ajili ya kupaka ukuta rangi.

Lugha yetu yenyewe inatufunza kutofautisha. Kiswahili hakichanganyi 'pengo' na 'mwanya'. Pengo ni nafasi ya jino lililotoka; mwanya ni nafasi ya kuzaliwa nayo, na watu wetu huuhesabu kuwa uzuri. Si kila kinachoweza kubadilishwa kinywani ni ugonjwa.

Haya ninayoyadai si hisani ya daktari. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa, madhara na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa. Kifungu hicho kinaongeza kwamba maelezo hayo, inapowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa nyanya wa Mwingi ambaye hakusoma, lugha hiyo ni Kikamba.

Aghalabu anayegeuzwa mkalimani ni mjukuu aliye katika shule ya upili. Tusimlaumu, amefunzwa majina ya sehemu za jino kwa Kiingereza, na hakufunzwa kuyasema kwa lugha nyingine yoyote. Hapo ndipo walimu wanapohusika. Mwalimu wa Kiswahili akiwapa wanafunzi zoezi la kuifasiri karatasi moja ya idhini ya hospitali, watagundua ugumu wake, na siku ya haja hawatabahatisha. Mwanafunzi asiyeona haya kusema 'daktari, neno hilo sijalielewa' amemsaidia nyanya yake kuliko yule anayetikisa kichwa tu.

Mgonjwa naye asiondoke mikono mitupu. Aulize iwapo daktari amesajiliwa na ana leseni ya mwaka huo kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na iwapo amepata mafunzo ya kazi hii. Aulize ni nani atakayegharimia parafujo ikilegea. Na aombe karatasi yenye jina la mtengenezaji wa parafujo, ukubwa wake na tarehe ilipotiwa. Viungo vya mtengenezaji mmoja mara nyingi haviingiani na vya mwingine; daktari akihama, daktari mwingine hataweza kutengeneza asichokijua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jino la laki moja ni mali.

Madaktari wetu wamesomea kazi hii kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na si kosa lao. Lakini aliyemudu kulipitisha chuma katika mfupa bila kuugusa mshipa hawezi kushindwa kupitisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine. Akishindwa kabisa, atafute wa kumsaidia kabla ya kuichukua sindano ya ganzi. Ganzi ni ya ufizi; akili ya mgonjwa yapasa iwe macho.