Watu 31 Ndani ya Meli: Nani Ale Lini, na Nani?

Akina mama, mnaujua mzigo unaotuangukia pale ukoo unapoamua kusafiri pamoja. Wanaume hukata tiketi na kuhesabu ng'ombe wa mahari. Lakini nani atakula nini, saa ngapi na wapi? Hilo tunaachiwa sisi, na mara nyingi halifikiriwi mpaka watoto waanze kulia.

Sisi ni wake wa ndugu wanne. Wawili tunaishi Musoma, mmoja Bunda na mmoja Butiama. Mwaka 2021 kijana wetu alipata mchumba Bukoba, ikatupasa kwenda ukoo mzima kupeleka mahari. Tulikuwa watu 31, kuanzia kichanga wa miezi 5 hadi Bibi, ambaye bado ana meno yake na maneno yake.

Bibi alishangaa kwa nini tunakwenda kupandia meli Mwanza. Enzi zake, asema, meli ilikuja Musoma. Ni kweli. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilizunguka ziwa lote: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mzunguko ule ukaisha. Meli yenyewe ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Basi tulikodi basi kutoka Musoma, tukawapokea wa Butiama pale Makutano, tukawachukua wa Bunda, tukapita Lamadi na Magu hadi bandarini Mwanza.

Kosa letu

Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mtu atajilisha mwenyewe melini. Neno hilo lilisikika kuwa la haki. Lakini tiketi zetu hazikuwa sawa: watu 6 walikuwa daraja la kwanza, 9 la pili, na 16 la tatu. Usiku ulipoingia, wenye fedha waliagiza wali na samaki. Wa chini walimega mkate. Mama mkwe wa wifi yetu alifika mlangoni pa chumba cha kulia, akaona nafasi iliyobaki ni mbele ya mume wa binti yake, akageuka akaenda kulala na njaa. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawali meza moja, na sisi tulilijua jambo hilo tangu zamani.

Baya zaidi lilimpata Shangazi. Yeye ni mjane, ana ugonjwa wa sukari, na alikuwa daraja la tatu. Alijidunga sindano yake jioni kama kawaida akitumaini kula baada ya muda mfupi. Fedha hakuwa nazo, na kuomba aliona haya. Kama saa nne za usiku mtoto mmoja alikuja mbio kusema Shangazi anatetemeka na anaongea maneno yasiyoeleweka. Tulimkuta amelowa jasho. Mpwa wetu ambaye ni muuguzi alitambua mara moja kwamba sukari imeshuka. Kwa kuwa aliweza kumeza, alimnywesha soda yenye sukari, na alipopata nafuu akampa mkate na yai. (Mgonjwa aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa, huyo akimbizwe kwa mganga.) Hakuna aliyelala tena usiku ule. Kaka mkubwa, aliyekuwa amekula samaki mzima chumbani, alikaa kando ya Shangazi bila kusema neno hadi tulipotia nanga Bukoba.

Daftari

Wenyeji wetu walitukarimu kwa ndizi na samaki, nasi tukavumilia aibu yetu kimya. Usiku wa mwisho kabla ya kurudi tulikaa uani na daftari. Tuliandika jina la kila mtu, umri wake, ugonjwa wake na asichokula. Ndipo tukagundua kwamba kati yetu wawili hawali kambare, na mmoja amekatazwa chumvi. Tumeolewa katika ukoo huu miaka mingi na hatukuyajua!

Kisha tulipanga meza. Hatukuangalia tiketi, bali nani aweza kukaa na nani. Kwa kuwa chumba cha kulia hakiwezi kuwapa nafasi watu 31 kwa mara moja pamoja na abiria wengine, tuliwagawa katika zamu tatu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya wazee, wagonjwa na watoto, mara tu jiko litakapofunguliwa. Mama mkwe aliwekwa humo, na mkwewe zamu ya tatu. Asubuhi tulimtuma kijana bandarini akaonane na msimamizi wa jiko, tukaagiza chakula cha aina moja kwa wote, wali, maharage na samaki, tukatanguliza nusu ya fedha na kudai stakabadhi.

Fedha ndizo zilizoleta maneno. Mmoja wa waume zetu aliuliza kwa nini alipie tumbo la mtu mzima mwenzake. Wifi wa Bunda akamjibu, "Tumepeleka ng'ombe kwa watu tusiowajua, tushindwe sahani ya dada yako?" Akatoa. Kila nyumba ilichanga kwa uwezo wake, mweka hazina akawa mmoja, na hatukusoma hadharani nani ametoa ngapi. Tunawashauri mfanye vivyo hivyo, kwa maana orodha ikisomwa, mjane hatakuja mezani.

Vitu vya kubeba tulivichagua kwa uangalifu: viazi vitamu, karanga, maandazi, mayai yaliyochemshwa na kuachwa na maganda yake, na uji wa ulezi katika chupa ya chai. Wali hatukubeba. Wali uliopikwa ukikaa saa nyingi katika uvuguvugu hufanya sumu ambayo haiondoki hata ukipashwa moto tena. Maji ya kunywa tuliyachemsha nchi kavu. Ya ziwa hatukuyatumia hata kusuuza kikombe cha mtoto, maana kipindupindu hakichagui.

Jioni ile Shangazi alisubiri mpaka sahani imewekwa mbele yake ndipo akajidunga. Kaka mkubwa alikataa kukaa. Alibeba sahani zamu zote tatu, akakosea meza mara mbili. Bibi alihesabu kwa sauti kila iliyopita. Mwishoni akatuita kwa wasiwasi: amehesabu 30, mmoja hajala. Ikabidi tumwonyeshe kichanga, aliyekuwa akinyonya.