Onyo la ukubwa wa bloku: Kwa nini seva ya nyumbani hulalamika baada ya kuboreshwa

MWENYE seva ndogo ya kuhifadhia data nyumbani anapoiwekea toleo jipya la mfumo, hutarajia mambo yaende shwari kuliko awali. Badala yake, huenda siku iyo hiyo akaitisha ripoti ya hali ya diski zake na kukumbana na onyo ambalo hajawahi kuliona: kwamba diski moja au zaidi zimepangwa kutumia bloku za ukubwa usio wa asili yake, na kwamba atarajie utendaji kupungua. Kando ya jina la kila diski huandikwa tarakimu mbili: baiti 512 zilizopangwa, baiti 4096 za asili.

Si ajabu mtu akashtuka. Ndani ya kijisanduku hicho mna picha za arusi, vyeti vya masomo na pengine hesabu za biashara za miaka kumi. Wapo wanaokimbilia kurudisha mfumo wa zamani, na wapo, la kuhuzunisha zaidi, wanaoanza kuchomoa diski kabla ya kulielewa onyo lenyewe. Ilhali toleo jipya halikuharibu chochote. Kasoro ilikuwamo tangu siku ghala la data lilipoundwa. Kilichobadilika ni kwamba mfumo sasa unaitambua na kuitangaza.

Hali hii iliwapata kwa wingi watumiaji wa FreeBSD, mfumo uliokuwa pia msingi wa programu ya seva iitwayo FreeNAS, ambayo tangu mwaka wa 2020 inajulikana kama TrueNAS. FreeBSD 10.0 ilipotolewa Januari 2014, waliohamia humo kutoka matoleo ya 9 waliliona onyo hilo kwenye maghala yaliyokuwa yakifanya kazi bila manung'uniko. Maghala hayo hutumia ZFS, mfumo wa kupanga data uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems na ambao msimbo wake ulitolewa kwa umma mwaka wa 2005. Siku hizi unaendelezwa na mradi wa OpenZFS, na onyo lenyewe lingalimo.

Chanzo chake ni badiliko lililofanywa na watengenezaji wa diski. Kwa takriban miongo mitatu, uso wa diski uligawanywa katika sekta za baiti 512 kila moja. Kila sekta huhitaji pengo la kuitenga na jirani yake, pamoja na baiti za ziada za kusahihisha makosa, takriban 50. Diski zilipofikia terabaiti, upotevu huo wa nafasi ulianza kuuma. Sekta nane ndogo zilitumia baiti 400 kwa usahihishaji pekee. Zikiunganishwa ziwe sekta moja ya baiti 4096, baiti 100 zatosha na kazi hufanywa vizuri zaidi. Kwa hiyo watengenezaji, kupitia chama chao cha IDEMA, walikubaliana kwamba kuanzia Januari 2011 diski mpya za tarakilishi za mezani na za kipakatalishi zitumie mpango huo mpya.

Hata hivyo, programu nyingi za wakati huo zilijua baiti 512 tu. Ili zisikwame, diski ziliundwa ziigize lugha ya kale: kwa nje hujitambulisha kuwa na sekta za baiti 512, kwa ndani huandika 4096. Baadhi ya diski za mwanzo zilificha ukweli huo kabisa, hata zilipoulizwa moja kwa moja.

Gharama ya uigizaji huo hujitokeza wakati wa kuandika. Chukua mfano wa karani mwenye daftari ambalo kila ukurasa una mistari minane, na ambaye haruhusiwi kufuta mstari mmoja pekee. Akitakiwa kubadilisha mstari wa tatu, hana budi kuusoma ukurasa wote, kuutengeneza upya, kisha kuunakili mzima mahali pake. Diski nayo, ikipewa baiti 512 za kuandika, husoma 4096, hurekebisha sehemu inayohusika, husubiri bamba lizunguke, ndipo iandike. Kusoma hakuathiriki sana. Kuandika mafaili madogo madogo ndiko kunakolegea, wakati mwingine kwa kiwango ambacho mwenye seva huanza kulaumu nyaya za mtandao bure.

ZFS ya zamani iliyaamini maneno ya diski. Ilipounda ghala, iliuliza ukubwa wa sekta, ikaambiwa 512, ikaandika jibu hilo katika kigezo kiitwacho ashift: 9, kwa kuwa 2 ikipandishwa hadi kipeo cha 9 ni 512. Kipeo cha 12 huleta 4096. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, kwani kigezo hicho huwekwa mara moja tu, kundi la diski linapoundwa, na hakibadiliki maishani mwake.

Yafuatayo, basi, hayasaidii. Kubadilisha diski moja baada ya nyingine kwa nyingine za aina iyo hiyo ni kupoteza siku kadhaa. Kila diski mpya hurithi ashift ya kundi inaloingia. Wala agizo la kuboresha ghala, zpool upgrade, si tiba. Wengi hulitumia kwa sababu ripoti hiyo hiyo mara nyingi huwa na taarifa nyingine kwamba kuna uwezo mpya ambao haujawashwa, na mambo hayo mawili huchanganywa. Agizo hilo huwasha uwezo mpya, lakini pia laweza kufunga mlango wa kurudi kwenye toleo la zamani la mfumo. Hatari kupita yote ni kulazimisha diski mpya iongezwe kama kundi la pekee kando ya lile la zamani. Ikiwa kundi la zamani ni la RAIDZ, diski hiyo haiwezi kuondolewa tena, na ikifa, ghala zima huzama nayo.

Je, onyo laweza kupuuzwa? Kwa wengi, ndiyo, angalau kwa muda. Usalama wa data haupungui. ZFS huendelea kuhakiki kila bloku kama kawaida. Seva inayotumiwa kutazamia filamu na kuhifadhi nakala za usiku huenda isionyeshe tofauti yoyote ya kusumbua. Swali la maana zaidi ni lile la siku diski itakapokufa. Diski za kuigiza zitakubaliwa, na nyingi za matumizi ya nyumbani bado ni za aina hiyo. Lakini zipo, hasa miongoni mwa zile za seva kubwa, ambazo haziigizi tena na zinakubali 4096 pekee. Kundi la ashift 9 huikataa diski kama hiyo. Aliyeinunua kwa pupa hubaki na ghala lililopungukiwa, akitafuta nyingine huku akiomba diski zilizosalia zivumilie.

Aamuaye kuliondoa tatizo hana njia ila kuhamisha data yote, kulivunja ghala na kuliunda upya. Kwanza huagiza ukaguzi kamili wa ghala, scrub, ili kasoro zilizojificha zijulikane mapema. Kisha hupiga muhuri wa hali ya ghala kwa zfs snapshot na kuituma kwa zfs send hadi kwenye ghala jingine, lililo katika diski za nje au seva ya pili. Nakala hiyo nayo hukaguliwa, na mafaili machache hufunguliwa kwa macho ya mwanadamu. Ni baada ya hapo tu ndipo ghala la zamani livunjwe.

Wenye diski mbili zinazoakisiana hushawishika kutumia njia ya mkato: kuitoa moja, kuunda ghala jipya juu yake, kunakili, kisha kuiunganisha ya pili. Njia hiyo hufanya kazi. Hata hivyo, kwa saa nyingi data husimama kwa mguu mmoja, wakati ule ule diski zote mbili zinapotumikishwa kuliko siku yoyote nyingine. Bila nakala ya tatu, huo ni mchezo wa pata potea.

Ghala jipya huundwa kwa kutaja ashift=12 waziwazi, hata pale mfumo unapodai utachagua wenyewe, maana zipo diski zisizo na bamba ambazo hadi leo hujitangaza kuwa za baiti 512. Gharama ipo: mafaili madogo sana hutwaa nafasi kubwa zaidi kidogo, na ukandamizaji wa data huokoa kidogo kuliko awali. Ghala lililokuwa limejaa pomoni huenda lisienee tena katika diski zile zile, jambo linalofaa kupimwa kabla ya kuvunja chochote. Data ikisharudishwa, agizo la zdb litaonyesha kama kila kundi limepata 12, na diski za nakala huachwa kabatini bila kufutwa hadi ukaguzi wa kwanza wa ghala jipya umalizike bila kosa.