Ukinzani wa pikapu ya gitaa
Ukinzani wa pikapu ya gitaa ni kipimo cha jinsi koili ya pikapu inavyozuia mkondo wa umeme kupita. Pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Nyuzi za chuma zikitetema juu yake, umeme mdogo huzalishwa katika waya huo.

Ukinzani hupimwa kwa multimita baada ya kutenganisha pikapu na saketi ya gitaa, kwa sababu kidhibiti cha sauti hupunguza kipimo. Pikapu nyingi za koili moja huwa na takriban kiloomu 5.5 hadi 7. Za koili mbili 7 hadi 9 au zaidi. Kipimo kisicho na kikomo huonyesha kwamba waya umekatika.

Namba hiyo pekee haitoshi kutambua pikapu. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata kama mizunguko ni ileile. Joto nalo huchangia: ukinzani wa shaba hupanda takriban 0.39% kwa kila sentigredi 1. Pikapu ya kiloomu 7.0 kwenye 20 °C hupima takriban 7.3 kwenye 30 °C, joto la kawaida la mchana kisiwani Pemba. Hivyo fundi huangalia pia aina ya sumaku, unene wa waya na idadi ya koili.