Likasi: Si kila mzee anayesahau ana Alzheimer

Mzee anapopotea njia ya kwake mjini Likasi, Haut-Katanga, wapo wanaosema ni uzee, wengine uchawi. Mara nyingi ni ugonjwa: Alzheimer, au mishipa midogo ya ubongo iliyoharibiwa na tansio ya miaka mingi. Wengine wana yote mawili.

Maji ya uti wa mgongo, yanayochotwa kwa sindano kiunoni, husaidia kutofautisha. Alzheimer hupunguza humo protini ya amiloidi na kuongeza tau. Mishipa ikivuja, albumini ya damu hupenya humo. Lakini albumini hupanda kwa magonjwa mengine pia, kwa hiyo picha ya ubongo bado inatakiwa.

Sindano hiyo inaogopwa, na maji hayo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, kazi imeharibika. Mjini Kinshasa, timu ya Jean Ikanga, wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na Emory cha Marekani, imepima protini za Alzheimer katika damu ya wazee Wakongomani.

Huko Likasi, kipimo kilicho karibu ni mashine ya tansio. Dawa zake hazirudishi kumbukumbu iliyopotea, ila hupunguza hatari ya kiharusi.