Kiashiria si Kibashiri: Istilahi za Michoro ya Bei za Hisa

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa zabibu wa Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, ametuletea barua yenye swali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa faragha. Anaeleza kwamba baada ya kuuza mavuno yake alikusudia kununua hisa. Katika simu yake imo programu ya kuchora bei, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu asiowajua. Juu ya mchoro wa bei programu hiyo huweka mistari inayoiita "kibashiri", na siku mistari miwili ikikatana huandika "nunua". Ndugu huyu anauliza: kibashiri hiki hubashiri nini, nacho kimejuaje?

Swali ni fupi, lakini ndani yake mna fedha ya msimu mzima. Mtu akiambiwa kwamba chombo kinabashiri, ana haki ya kukitegemea. Kwa hiyo istilahi isiyofaa hapa si kosa la kamusi tu, bali yaweza kumtia mtu hasarani. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana zenyewe kwanza, kisha kupendekeza majina yanayozistahili.

Soko la Hisa la Dar es Salaam liliandikishwa mwaka 1996 na kuanza kuuza na kununua hisa mwezi Aprili 1998. Kila siku ya soko, bei ambazo watu wamekubaliana huandikwa. Bei hizo zikipangwa kwa mfuatano wa siku na kuunganishwa kwa mstari, hupatikana mchoro wa bei. Wengine hupendelea mchoro wa mishumaa, uliotokana na wafanyabiashara wa mchele wa Japani. Kila mshumaa una habari nne: bei ya kufungulia, bei ya juu, bei ya chini na bei ya kufungia. Istilahi "mshumaa", pamoja na "mwili" wake na "tambi" zake mbili, haina matatizo, kwani picha yake inajieleza.

Matatizo yanaanza pale hesabu inapofanywa juu ya bei hizo. Tuchukue hisa ya mfano ambayo bei zake za kufungia kwa siku tano zilikuwa shilingi 400, 410, 420, 410 na 460. Jumla ni 2,100, na wastani ni 420. Siku ya sita bei ikawa 470. Tunaiacha ile 400 ya kwanza na kuipokea 470. Jumla inakuwa 2,170, na wastani 434. Mfano wake ni foleni ya ndoo kisimani: ndoo ya mbele ikiondoka, nyingine huingia nyuma, na idadi ya ndoo haibadiliki. Hesabu hii tunapendekeza iitwe wastani mjongeo, kwa kuwa hujongea siku hadi siku pamoja na foleni yake.

Msomaji atazame jambo moja hapa. Bei ilipokuwa 470, wastani ulikuwa bado 434. Wastani mjongeo huja nyuma ya bei daima, kwa sababu umetengenezwa kwa bei zilizokwisha kupita. Hata pale wastani wa siku chache unapoukata wa siku nyingi na kupanda juu yake, jambo tunaloliita mkatano, habari tunayopewa ni kwamba bei za karibuni zimekuwa kubwa kuliko za zamani. Habari ya kesho haimo.

Ndugu yetu wa Makutupora anao mfano bora zaidi nyumbani kwake. Eneo hilo, ambalo wengine huliandika Makutapora, ndilo lenye visima virefu vinavyoupatia mji wa Dodoma maji. Kina cha maji ya chini ya ardhi kimekuwa kikipimwa huko kwa muda mrefu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia kumbukumbu za miaka 55. Mchoro wa vipimo hivyo hauendi kwa utaratibu mmoja. Maji hushuka polepole kwa miaka, kisha huinuka kwa ghafla baada ya misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997 hadi 1998. Mtu ambaye angechora wastani mjongeo wa kina hicho usiku wa kuamkia mvua hizo asingeziona mvua katika mstari wake. Mstari ungemweleza kwa uaminifu yaliyopita, na mvua ingenyesha bila kuuliza mstari.

Kwa sababu hiyo tunalikataa neno "kibashiri". Kubashiri ni kueleza jambo kabla halijatokea. Neno kiashiria, ambalo limekwisha kuzoeleka katika taarifa za uchumi, linatosha, kwani kuashiria ni kuonyesha tu. Ni kweli kwamba taarifa za soko hulitumia neno hilohilo kwa kipimo cha bei za soko zima. Hicho tungependa kiitwe fahirisi, ili kila dhana iwe na jina lake.

Viashiria vingine huja vimekwisha kutengenezwa. Kimoja ni kile alichokichapisha Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978, kinacholinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka kwa bei katika siku 14, na kutoa namba kati ya 0 na 100. Tunapendekeza kiitwe kiashiria cha nguvu linganishi. Lakini mtumiaji anaweza pia kutunga chake. Katika mfano wetu, tofauti ya bei na wastani ni shilingi 36. Tukiigawa kwa 434 na kuzidisha kwa 100, tunapata karibu asilimia 8.3. Hicho ni kiashiria cha kujitungia, nasi twaweza kukiita kiashiria cha umbali. Namba anazozichagua mtungaji, kama vile siku tano badala ya ishirini, ni vigezo. Mpaka ambao thamani ikiuvuka ndipo jambo huhesabiwa kuwa limetokea ni kizingiti.

Imebaki dhana ya kuzipitisha hisa zote za soko katika masharti ili zibaki zile zinazoyatimiza. Baadhi ya watu wameiita "msako", wengine "upekuzi". Maneno haya yananuka shughuli za polisi, tena yanadokeza kwamba kitu fulani kimefichwa. Tulifikiria "upepetaji", lakini ungo huachia upepo na mkono wa mpepetaji kazi ya kutenga pumba na punje. Chekeche ni tofauti: matundu yake yana kipimo maalumu, na punje hupita au haipiti. Kwa hiyo tunapendekeza mchekecho kuwa jina la tendo, na chekeche kuwa jina la masharti yaliyohifadhiwa. Istilahi hii ina faida ya kumkumbusha mtumiaji kwamba ukubwa wa matundu ameuchagua mwenyewe.

Chekeche la kiashiria chetu laweza kuwa na masharti matatu: umbali uzidi asilimia 5, idadi ya hisa zilizouzwa leo izidi mara mbili ya wastani wake wa siku 20, na katika siku hizo 20, hisa iwe imeuzwa angalau siku 15. Sharti la tatu tumeliweka kwa makusudi. Katika soko letu ziko hisa zinazopita siku nyingi bila muuzaji wala mnunuzi. Bei yake huandikwa ileile ya jana, mchoro hulala kama sakafu, na siku hisa chache zinapouzwa kwa bei nyingine, kiashiria huruka. Mchekecho usio na sharti hilo utaihesabu kimya kuwa habari.

Hali ni hiyohiyo kwa ruwaza, yaani umbo linalojirudia katika mchoro. Jicho huona vilele pacha kwa urahisi, lakini chekeche halina jicho. Ni lazima lielezwe kwa namba: vilele viwili visipitane zaidi ya asilimia 3, na bonde lililo kati yao liwe na kina cha asilimia 10 au zaidi. Mwingine akichagua asilimia 5, atapata vilele ambavyo wa kwanza hakuviona. Baada ya masharti kutungwa, hayana budi kujaribiwa kwa bei za miaka iliyopita, na hesabu ifanywe ya mara yaliposadifu na mara yalipokosea pia.

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Fahirisi: kipimo cha mwenendo wa bei za soko zima.
Kiashiria: thamani ikokotolewayo kutokana na bei au mauzo yaliyopita.
Wastani mjongeo: wastani wa siku maalumu, unaoacha ya zamani na kupokea mpya.
Mkatano: kukutana na kupishana kwa mistari miwili.
Kizingiti: mpaka uliowekwa na mtumiaji.
Mchekecho: kuzipitisha hisa nyingi katika masharti.
Ruwaza: umbo la bei linalojirudia.

Jibu letu kwa ndugu yetu ni kwamba programu yake haijabashiri lolote. Imejumlisha na kugawa, kisha mfasiri akaongeza ahadi ambayo hesabu haikuitoa. Neno "nunua" nalo lingefaa lisomeke "sharti limetimia". Kuhusu kununua au kutonunua, sisi si madalali. Hao wanapewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, nao ndio wa kuulizwa. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa kutoka katika lugha zetu nyingine za asili, tunawaomba watuandikie kabla istilahi hizi hazijafikishwa katika kikao cha usanifishaji.