'Udukuzi wa kimaadili' au 'udukuzi wa idhini'?

Neno 'udukuzi' limekwisha kukomaa katika Kiswahili cha Kenya, ila limekomaa likiwa na sifa mbaya. Mdukuzi ni mhalifu, basi. Sasa wakufunzi wa kompyuta katika vyuo vya Kisii na Nyamira wanapofunzwa kudukua kwa vitendo, ili nao wakawafunze vijana kulinda mifumo, kazi hiyo tuiiteje?

Mkufunzi mmoja wa Nyamira aliniuliza: "Profesa, mzazi akisikia namfunza mwanawe udukuzi, si atasema namlea awe omoibi?" Omoibi, kwa Ekegusii, ni mwizi.

Swali lake lina uzito. Udukuzi nalisikia kama ndugu wa 'dukiza', yaani kusikiliza maneno ya watu kwa siri. Aibu imo ndani ya neno lenyewe. Ndiyo maana wengi hulitakasa kwa kuongeza 'wa kimaadili'. Waingereza nao husema kofia nyeupe na kofia nyeusi, mfano wa filamu za Marekani za wachunga ng'ombe. Kwetu rangi ya kofia haimwambii mtu lolote.

Lakini hilo 'kimaadili' linanitia wasiwasi. Maadili yako moyoni, na sheria kwanza huuliza ruhusa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinamlenga anayevunja kinga ili aingie katika mfumo huku akijua hana idhini. Adhabu ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Chukua kijana anayeingia katika mfumo wa alama wa chuo chake ili tu amwonyeshe mwalimu mkuu kwamba ni dhaifu. Nia yake njema kabisa, na bado anaweza kujikuta kizimbani. Neno 'kimaadili' litakuwa limempoteza. Mimi napendekeza 'udukuzi wa idhini'.

Tena tusiliite kila balaa la mtandaoni udukuzi. Julai 2023, jukwaa la eCitizen lilipozidiwa, wengi walisema limedukuliwa. Kilichofanyika ni kulifurisha kwa maombi mengi mno hadi likashindwa kuhudumia watu, na serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Umati ukiziba mlango wa duka, wateja hawaingii, lakini kufuli haijavunjwa. Mdukuzi hushughulika na kufuli.

Na kufuli hiyo hujaribiwa wapi darasani? Si kwenye mfumo wa mtu. Mkufunzi huunda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yake kwa programu kama VirtualBox, akaweka humo Metasploitable, mfumo uliotengenezwa makusudi ukiwa na matundu. Kutoka upande wa pili, akitumia Kali Linux, huanza na Nmap, ambayo hubisha hodi mlango kwa mlango kuona upi unaitikia. Kisha ndipo hutafuta tundu, hupenya, na, sehemu ambayo vijana huiruka, huandika namna ya kuliziba.

Siku wanafunzi watakapotoka humo kwenda kupima mfumo halisi, barua itangulie. Itaje mfumo upi unapimwa, kuanzia tarehe gani hadi gani, njia zipi haziruhusiwi na nani atakabidhiwa ripoti, tena iwe na sahihi ya mwenye mfumo.