Mombasa na Maskati: Masafa ya Ramani na Saa za Safari

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Maskati aghalabu huuliza swali moja, ni mbali kadiri gani, akitaraji jawabu moja; walakini ndani ya swali hilo mna mambo matatu, nayo ni masafa ya miji yenyewe, saa za chombo njiani, na muda wote utakaompita tangu afunge mlango wake hata abishe hodi kwa mwenyeji wake.

Masafa hayabadiliki. Ukiifuata njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, utapata yapata kilomita 3,680, yaani maili za bahari zikaribiazo 2,000, maili hiyo ikiwa ni mita 1,852, kipimo ambacho marubani wamekirithi kwa wanamaji. Jahazi lililojaaliwa pepo njema likashika mwendo wa maili 4 kwa saa, usiku na mchana, lilihitaji siku zipatazo 21. Na nahodha hakutweka siku aitakayo, bali kaskazi ndiyo iliyomleta Mombasa na kusi ndiyo iliyomrejesha Arabuni. Ndege iendayo maili 440 kwa saa huyamaliza masafa yayo hayo kwa saa nne na nusu, nazo zikijumlishwa na dakika za kupanda na kushuka huwa kama saa tano.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Abiria aliyeruka saa nne asubuhi, akakaa angani saa tano, ataiona saa yake mkononi ikisema saa tisa, ilhali saa za Maskati zasema saa kumi. Si kwamba ndege ilichelewa, bali Oman huitangulia Kenya kwa saa moja, na saa hiyo hurejeshwa wakati wa kurudi.

Tena, tikiti ikimpitisha Nairobi, ataanza kwa kuiacha njia ya mji aukusudiao, aende kilomita 420 hivi bara, ndipo ageuke. Jumla ya njia itazidi kwa kilomita 350 tu, lakini kungojea ndege ya pili kwaweza kumla saa nyingi kuliko nyongeza hiyo.

Uwanja wetu wa ndege uko Port Reitz, Changamwe, na mkaazi wa jirani hufika upesi. Bali mtu wa Kisauni hana budi kuvuka Daraja la Nyali, akate kisiwa, atokee Makupa, na mtu wa Likoni hungoja feri kwanza, au huizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Basi, ewe msafiri, hesabu kwa kurudi nyuma: ishike saa ya ndege kuondoka, toa saa tatu za ukaguzi uwanjani, kisha toa muda wa feri na foleni, tena uukadirie kwa siku ya msongamano, wala si kwa siku nyepesi.